Sura ya Tano: Ng'ombe wa Kuigiza

Mama wa mtoto aliyepotea alikuwa anacheka.

Alikuwa anacheka ndani ya televisheni ndogo, sebuleni kwa mama yake mzazi huko Nzuguni, Dodoma. Amevaa aproni, anakatakata vitunguu, anamtania mwenzake kwamba hata kuosha mchicha hajui. Chini ya picha yalipita maandishi ya kuwaelekeza watazamaji namba ya kutuma ujumbe wa simu ili wampigie kura. Huyo ndiye Evelina Mazoya, nyota wa mchezo wa Posa ya Tatu, ambaye sasa alikuwa mshiriki wa Dari Moja, lile shindano ambalo watu hufungiwa katika jumba moja Dar es Salaam, wakapika, wakagombana na kulala mbele ya kamera, bila simu, bila gazeti, bila neno lolote kutoka nje. Nchi nzima ilikuwa inamtazama. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa hajui kwamba binti yake Hana, mwenye miaka minne, hajalala nyumbani tangu juzi.

"Naomba tuizime, mama," alisema Sajenti Priska Chidawali wa kitengo cha upelelezi.

"Usiizime, mwanangu." Mama Ruthu alikuwa ameketi mkekani, kanga mbili mabegani, macho yamemvimba. "Nikiizima nitabaki na nani humu ndani?"

Priska akapunguza sauti tu.

Maelezo ya mwanzo alikuwa ameshayasoma kituoni. Mtoto alikuwa anacheza uani, bibi akaingia jikoni kutazama maharage, alipotoka hakumkuta. Majirani walikuwa wamekwisha chungulia kila shimo la choo na kila korongo, na vijana wa kwaya walikuwa wamezunguka na tochi mpaka betri zikaisha. Nje, upepo wa mwezi wa sita ulikuwa unapiga mabati kama unayadai.

"Nionyeshe anapolala."

Kilikuwa chumba kidogo, kitanda kimoja cha bibi na mjukuu. Nguo za mtoto zilining'inia kwenye misumari. Nyuma ya mlango palikuwa na kandambili ndogo za rangi ya waridi, zimekanyagika kisigino.

"Hizi ndizo za kuchezea?"

"Ndizo hizo. Hazitoki mguuni."

"Na viatu vya kanisani viko wapi?"

Priska akainama, akatazama chini ya kitanda, kisha akainuka na kuchukua kitana kilichokuwa dirishani. Kilikuwa bado na mafuta. Pembeni yake palikuwa na kipande cha utepe mweupe kilichokatwa kwa mkasi.

"Mama, mtoto wa kwenda kucheza na udongo anasukwa, anafungwa utepe na kuvishwa viatu vya kanisani siku ya Jumatatu?"

Bibi akakaa kitandani taratibu, kama mtu anayetua mzigo asiotaka uonekane.

"Niliapa nisiseme," alisema. "Yule kijana wa televisheni, Sostenes, alikuja mwezi uliopita. Aliniambia siku ya fainali wanataka kumwingiza Hana ndani ya lile jumba, mama yake amwone ghafla, watu walie. Akaniambia nikitoa siri nimeharibu kila kitu. Sasa juzi akaja binti mmoja, msafi, ana adabu zake. Nikajua ndio hao. Nikamvisha mtoto, nikamtoa kwa mkono wangu mwenyewe."

"Binti huyo alisema ametoka televisheni?"

"Alisema."

"Alianza yeye kusema, au wewe ndiye uliyemwuliza?"

Mama Ruthu akafumba macho. "Alisema, 'Shikamoo mama, nimekuja kumwona Hana.' Nikamwambia, 'Ninyi ndio wale wa televisheni?' Akanyamaza kidogo. Akasema, 'Ndiyo, mama.'"

"Kwa hiyo neno la televisheni ulimpa wewe."

"Mungu wangu! Nilimpa mimi."

"Hana hakumwogopa?"

"Hana hamwogopi mtu siku hizi. Tangu mama yake aanze kuonekana, kila anayepita anamwita kwa jina. Watu wasiotujua wanasimama hapo nje kupiga picha na mlango wangu. Binti akamshika mkono wakaenda barabarani, kwenye pikapu nyeupe. Jioni alisema atamrudisha."

Kwenye meza ya kitanda ilisimama chupa ya vidonge vya njano. Priska aliigeuza mkononi. "Na hivi?"

"Vya Hana." Sauti ya bibi ikapotea, ikarudi. "Ana sikoseli. Kimoja kila siku, maji mengi, na asipigwe na baridi. Baridi ikimwingia viungo vinavimba, analia mpaka sauti inakauka. Sikuwapa kwa sababu walisema jioni. Jioni, mwanangu! Na sasa wanamlaza wapi? Nani anajua kwamba hapaswi kulala bila soksi?"

Priska akaitia chupa mfukoni. Hadi pale alikuwa anamtafuta mtu aliyemchukua mtoto. Sasa alikuwa anashindana na baridi.

"Swali la mwisho. Baba yake?"

"Henry. Alikuwa dereva wa lori, likapinduka Kitonga, Hana akiwa bado tumboni. Walikutana huko huko Dar. Hakuna aliyekuja hapa kubisha hodi, hakuna posa, hakuna hata salamu. Evelina alisema kwao ni huku huku kwetu, upande wa Mvumi. Sikuuliza zaidi. Ningeuliza ili iweje?"

*

Studio ya Sostenes ilikuwa mtaa wa Kikuyu, mjini Dodoma, nyumba ya kawaida iliyozibwa madirisha kwa mablanketi ili sauti za nje zisiingie. Mwenyewe, mwongozaji wa Posa ya Tatu na mtu wa Dari Moja huku Dodoma, alikuwa kijana wa Tanga, mwembamba, ana simu mbili na zote zilikuwa zinalia. Alipoona kitambulisho cha Priska alizima zote.

"Afande, nakuomba kitu kimoja tu. Magazeti yasijue."

"Na mimi nakuomba mtoto."

Sostenes alimsikiliza mpaka mwisho, na Priska alipofika kwenye binti na pikapu, rangi ikamtoka kijana. Hakumtuma mtu. Mpango ulikuwa wa Jumamosi, na angekwenda yeye mwenyewe na gari la kampuni, ambalo ni jekundu. Priska alimwamini kwa sababu moja: mtu aliyepanga wizi wa mtoto asingehangaika kiasi kile na magazeti, angekuwa ameshayaita.

"Mwambie Evelina," alisema Priska.

"Haiwezekani. Taratibu za shindano haziruhusu. Akijua atatoka, na akitoka hakuna kurudi. Afande, yule dada anaongoza kwa kura! Amelala njaa miaka mingapi kwenye sanaa hii? Jumamosi moja tu imebaki."

"Mwanawe hana Jumamosi."

Sostenes akakuna kichwa, akatazama mlango wa uani, kisha akashusha sauti kana kwamba anatoa zawadi. "Mwulize Octavian. Yule anayeigiza mume wake. Aliachwa nje ya shindano, amekasirika sana. Na ana pikapu nyeupe."

Octavian alikuwa uani, miwani ya jua usoni ingawa alikuwa amekaa kivulini. Pikapu nyeupe ilikuwepo pia. Ilikuwa imekalia mawe manne, haina tairi hata moja, na chini yake kuku alikuwa analalia mayai. Priska akachuchumaa, kuku akamwinulia shingo kwa ukali.

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka, afande. Giaboksi. Huyo kuku ndiye mpangaji kwa sasa."

"Umemkasirikia Evelina?"

"Nilimkasirikia. Kisha nikamwona anavyopika pale kwenye Dari Moja, nikamsamehe, maana najua watatoka wameumwa matumbo." Akavua miwani. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyeanza kuogopa kweli. "Hana amepotea? Yule mtoto tunamwita mwenyekiti. Akija studio lazima apewe kiti."

"Nani mwingine anamjua?"

"Nani asiyemjua? Mimi kule Mvumi, tangu tupige picha ya mahari, siwezi kupita. Wananiita mkwe. Kuna mama alinipa jembe, akasema mkwe gani mikono laini hivi, nikamlimia matuta mawili mazima!" Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Ila mmoja hajawahi kuniita mkwe wala mwanangu, na kwenye mchezo mimi ndiye mwanawe. Yule mzee wa ng'ombe. Siku ile hakunitazama hata mara moja. Ilikuwa kama mimi sipo."

Priska akasimama. "Mzee gani wa ng'ombe?"

Ilibidi Sostenes atafute mkanda. Siyo ule uliorushwa hewani. Ule mbichi, wenye kila kitu. Waliketi watatu mbele ya kioo, mablanketi yamefunika mwanga, na siku ile ya Mvumi ikafunguka. Ng'ombe wakaingia kwenye zizi la Mzee Bartolomayo, ndugu mkubwa wa marehemu baba yake Evelina. Sostenes alieleza kwamba alitaka kila kitu kionekane halisi. Kwa hiyo badala ya waigizaji akatumia baba mkubwa wa kweli na wazee wa kweli, na mtu aliyepangwa kuwa baba wa bwana harusi alipougua, mwenye ng'ombe akajitolea kushika nafasi yake.

"Simamisha hapo," alisema Priska. Sikio la kushoto la kila ng'ombe lilikuwa limekatwa kwa alama ileile. "Wote wa zizi moja."

"Wa Mzee Zablon, kijiji cha jirani. Hakutaka hata malipo."

"Endelea."

Mzee mmoja mrefu mwenye kofia akasogea mbele ya wazee. Octavian alikuwa pembeni, amevaa suti, anatabasamu kwa kamera. Mzee hakumwangalia. Alisema kwa sauti ya chini, neno moja moja, kwamba amekuja kwa ajili ya mwanawe Henry, na kwamba anaomba nyumba ya binti huyu iitwe nyumba ya Henry.

"Hapo alikosea," alisema Sostenes. "Kwenye mchezo bwana harusi ni Daudi. Nilikikata kipande hicho."

Kwenye kioo Bartolomayo alikuwa amenyamaza. Alinyamaza mno, hata mwigizaji asingethubutu. Kisha akasema, "Napokea." Wazee wakaitikia. Kibuyu kikazunguka.

"Mlichokunywa kilikuwa maji?"

"Nilileta maji ya rangi. Wazee wakakataa. Walisema kwenye shughuli kama ile hawawezi kunywa maji. Tukaleta pombe."

"Nawe hukuuliza kwa nini. Ng'ombe walirudi kwa mwenyewe?"

"Jioni ileile. Isipokuwa mtamba mmoja. Mzee Zablon alisema aachwe palepale. Afande, ng'ombe ni wake, ningembishia nini?"

"Sostenes, ulipiga picha kitu usichokijua." Priska alikuwa ameshika mlango tayari. "Kwetu sisi Wagogo, mtoto aliyezaliwa bila mahari ni wa ukoo wa mama yake. Hata baba akiwa hai, akiwa tajiri, ni wa kwa mama. Mpaka ng'ombe waingie zizini kwa maneno, na mwenye zizi aseme napokea, mbele ya wazee, na wanywe. Yule mzee hakuwa anaigiza. Alikuwa anamlipia mahari mwanawe aliyekufa, na wewe ukamshikia taa."

Octavian akavua miwani kwa mara ya pili. "Kwa hiyo mimi..."

"Wewe ulikuwa pambo, kaka."

*

Konstebo Bashiri aliiendesha Landrova kana kwamba barabara ya Mvumi ilimtukana. Mizabibu ilipita kushoto na kulia, imebaki miti mikavu, vumbi likaingia mpaka kwenye meno. Redio ya gari ilikoroma mara kwa mara. Ni mkuu wa upelelezi, anayetaka kujua kama mtuhumiwa ameshikwa, kwa sababu wabunge wamejaa mjini kwa ajili ya bajeti na wawili kati yao wameshampigia simu kuuliza habari za mtoto wa Evelina. Kumbe siri ilikuwa imekwisha vuja.

Walimchukua Mzee Bartolomayo nyumbani kwake ili awaonyeshe njia. Alipanda kiti cha nyuma bila ubishi, akaweka fimbo katikati ya magoti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Ni habari ya mtoto."

"Ulijua, baba?"

"Niliambiwa niseme napokea, nikasema napokea. Kamera iwepo isiwepo, mdomo ni wangu." Alitazama nje. "Zablon alinifuata usiku wa kuamkia siku ile. Henry alikuwa amemtajia Evelina kabla ya ajali. Aliniambia, mwanangu amelala chini bila mke, bila mtoto, jina limekatika. Akasema, hawa watu wa picha wametupa nafasi, tuitumie. Ningemkataliaje mtu aliyefiwa?"

"Mama Ruthu ulimwambia?"

Bartolomayo akaikamata fimbo kwa mikono miwili. "Nilikuwa nangoja siku nzuri ya kumwambia."

"Na Evelina?"

"Naye yuko kwenye luninga. Utamwambiaje mtu aliyeko kwenye luninga?"

Bashiri akapiga honi ingawa hapakuwa na mtu njiani.

Kaya ya Mzee Zablon ilikuwa tembe ya zamani, pana, paa la udongo, zizi katikati. Nje palisimama pikapu nyeupe yenye makreti matupu ya zabibu. Mzee mwenyewe alikuwa mlangoni, kofia ileile, koti zito, kana kwamba alikuwa amewasubiri tangu asubuhi.

"Mbukwa, baba," Priska alimsalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa." Macho yake yakalegea kidogo. "Kumbe ni mtoto wa kwetu. Basi tutaelewana."

"Nimemfuata Hana."

"Hana yuko kwao."

"Bibi yake hajui aliko. Amechukuliwa kwa uongo."

"Binti yangu aliulizwa akaogopa, akasema ndiyo. Hilo ni kosa, nitamlipa Mama Ruthu mbuzi kwa hilo. Lakini kumchukua si kosa. Mwulize huyo uliyekuja naye." Akamgeukia Bartolomayo. "Ulisema napokea, hukusema?"

"Nilisema," alijibu Bartolomayo akitazama viatu vyake vya matairi.

"Ulikunywa?"

"Nilikunywa."

"Mtamba yuko kwa nani?"

"Kwangu."

"Haya, afande. Mwizi ni nani hapa?" Mzee akainua mkono wake kwenye fremu ya mlango, akauziba. "Tulimsikia yule mama yake kwenye televisheni ya mkwe wangu. Alisema akishinda atahama, aende Afrika Kusini akasomee uigizaji, na mtoto amchukue. Afrika Kusini! Mimi miguu yangu inafika Dodoma mjini kwa taabu. Mtoto wa Henry hatoki hapa."

Bashiri alikuwa ameshuka kwenye gari, mkono kiunoni penye pingu. Priska akamwashiria atulie. Kutoka ndani ilikuja sauti ndogo, nyembamba, si kilio tena, ni ile ya mtoto aliyelia mpaka akabakiwa na pumzi tu.

"Analia tangu lini, baba?"

"Tangu jana. Anamlilia bibi yake. Atazoea."

"Hamlilii bibi yake." Priska alitoa chupa ya vidonge mfukoni, akaishika mbele ya macho ya mzee. "Anaumwa. Kunikatalia mtoto unaweza. Sasa kaukatalie ugonjwa."

Mkono ukashuka.

Ndani mlikuwa giza na moshi. Hana alikuwa amejikunja juu ya ngozi ya ng'ombe, gauni la kanisani likiwa bado mwilini chini ya shuka la mzee. Binti aliyekaa kando yake alikuwa anamkanda miguu kwa samli ya moto. Ni Evodia, dada yake marehemu Henry, mke wa mfanyabiashara wa zabibu, yule msafi mwenye adabu zake. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nilisema tumrudishe," alinong'ona kabla hajaulizwa. "Nilisema jana."

"Lete maji. Mengi."

Priska alimtia mtoto kidonge mdomoni. Hana hakukimeza. Alikitafuna, polepole, akikunja uso, kisha akanywa maji kikombe kizima bila kupumua. Vidole vya mikono yake vilikuwa vimevimba, vinang'aa.

"Ana sikoseli," alisema Priska. "Baridi na kiu vinamuua huyu. Anahitaji hospitali sasa hivi."

Evodia aliacha kukanda. Aliunyanyua mkono wa mtoto, akausogeza kwenye mwanga wa mlango. "Baba," aliita, si kwa nguvu. "Njoo uone vidole."

Mzee Zablon aliingia akiwa ameinama. Alitazama. Kisha akavua kofia, akaishika kifuani.

"Ayubu," alisema.

"Wadogo zetu," Evodia alimweleza Priska. "Ayubu na Elia. Walianza hivi hivi, vidole, halafu miguu, halafu kifua. Watu wakasema tumerogwa. Mama alikufa akiamini tumerogwa. Kwa wavulana, Henry peke yake ndiye aliyenusurika."

"Hamkurogwa. Ni ugonjwa wa damu. Mtoto huupata akiurithi pande zote mbili, kwa baba na kwa mama. Henry alikuwa nao kwenye damu bila kuumwa."

Mzee alipiga goti kwenye majivu. Aliweka kidole chake kimoja, kikavu kama mzizi, kwenye kiganja cha mtoto kilichovimba, akiogopa kukigusa.

"Nilimtafuta uso," alisema. "Siku mbili hizi namtazama, nasema, labda paji la uso, labda masikio. Nilitaka kitu cha Henry. Hiki sikukiomba."

Hana akafumbua macho. "Babu," alisema kwa sauti iliyokwaruzika, "miguu inauma."

Mzee Zablon akamwinua pamoja na shuka na ngozi aliyolalia. Alipita katikati ya askari wawili bila kuwaona, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye Landrova.

"Gari lenu lina joto?" aliuliza.

*

Wodi ya watoto ya hospitali ya misheni ilikuwa na harufu ya sabuni na uji. Walimtundikia dripu, wakampa dawa ya maumivu, wakamfunika blanketi mbili. Muuguzi mwenye umri wa makamo alisema neno moja tu kwa Priska, kwamba usiku mwingine mmoja kwenye tembe ungekuwa wa hatari, akaenda zake. Bashiri alikwenda Nzuguni, akarudi na Mama Ruthu jua likiwa linazama.

Bibi aliingia mbio, akamgusa mtoto paji la uso, shingo, miguu, akahesabu vidole kama siku aliyozaliwa. Kisha ndipo alipomwona mzee aliyekuwa upande wa pili wa kitanda, ameshikilia mrija wa dripu usipinde, ingawa hakuna aliyemwambia aushikilie.

"Ndiye huyu?" alimwuliza Priska.

"Ndiye."

"Baba," Mama Ruthu alisema, na sauti yake ilitetemeka kwa hasira, "ungekuja kwangu kwa miguu yako, ningekufungulia. Ningekupa uji. Ungekaa naye kutwa nzima!"

"Ningekuja na nini, mama? Mwanangu alikuwa kaburini. Mtu anakuja na mikono mitupu kudai mjukuu?"

"Mjukuu hadaiwi. Anasalimiwa."

Mama Ruthu akavuta kiti, akakaa, akaanza kumfungua mtoto utepe uliokuwa umemkaza nywele. Baada ya muda akamsukumia mzee kiti cha pili kwa mguu, bila kumtazama.

Priska akatoka nje. Mtandao wa simu ulipatikana sehemu moja tu, chini ya tangi la maji. Alimpigia kwanza mkuu wake.

"Umemshika?"

"Nimempata mtoto, afande. Yu hai."

"Vizuri. Na mtuhumiwa? Nataka jalada la kumtorosha mtoto mezani kwangu asubuhi."

"Sijamwandika bado. Nahitaji maelezo ya mama mzazi."

"Mama mzazi yuko kwenye televisheni, Priska."

"Ndiyo maana nampigia."

Sostenes alikataa kama ilivyotarajiwa. Mtoto amepatikana, sasa kuna haja gani ya kuharibu? Priska alimwambia haja ni kwamba kuna mzee ambaye ama ni mhalifu ama ni babu, na mtu mmoja tu katika nchi hii ndiye anayeweza kusema ni lipi. Na kama simu hiyo haitapokelewa, jina la kwanza kwenye jalada litakuwa la aliyeizuia. Namba ya msimamizi wa jumba ikaja kwa ujumbe. Aliyepokea alibisha, akashauriana na wenzake, akarudi, akabisha tena. Mwisho ikasikika sauti ambayo nchi nzima iliijua, ya furaha, imepanda juu kidogo.

"Haloo! Haya, leo mmetupangia kazi gani tena?"

"Evelina, ni Sajenti Priska, polisi Dodoma. Si mchezo."

Kicheko. "Afande wa kweli au wa kuigiza? Jana mlituletea daktari akawa ni mchekeshaji."

"Wa kweli. Ni habari ya Hana."

Kicheko kilikatika. "Msimtumie mwanangu kwa mambo yenu. Hilo tulikubaliana. Niambie kitu ambacho hawa watu wa kamera hawakijui, la sivyo nakata."

Priska akafikiri. "Kile kidonge cha njano. Hakimezi. Anakitafuna na kukunja uso, kisha ndiyo anakunywa maji."

Aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka chini kabisa, sauti ya mtu mwingine, ya mtoto wa Mama Ruthu.

"Yuko wapi?"

"Hospitali, Mvumi. Alipigwa na baridi. Amelala sasa, maumivu yamepungua."

"Yuko na nani?"

"Na bibi yake. Na babu yake."

"Baba yangu alikufa, afande."

"Huyu ni wa upande wa pili."

Upepo ulipita kwenye nguzo za tangi.

"Mzee wa ng'ombe," alisema Evelina polepole. "Siku ile ya picha alinishika kichwa, akaniita mke wa Henry. Nilidhani kuna mtu amemwambia anitanie. Nikalia, nikalia kweli, siwezi kunyamaza. Sostenes akasema ndicho kipande bora kuliko vyote. Nimepewa zawadi kwa machozi yale, unajua? Nimeshangiliwa ukumbi mzima." Akapumua. "Amemchukua yeye?"

"Amemchukua. Alikuwa anaamini ana haki. Nami nina jalada mkononi, halina jina. Nimwandike nini?"

"Alijua kwamba anaumwa?"

"Hakujua. Alipojua, alimbeba mwenyewe mpaka kwenye gari letu."

Sauti ya mwanamume ikasikika nyuma yake, ikimkumbusha jambo, kura, Jumamosi, nchi nzima inatazama sasa hivi. Evelina hakuijibu.

"Mwandike babu," alisema. "Ya kumgombeza nitamgombeza mwenyewe, na atanisikia. Afande, usikate simu. Nataka uwe shahidi."

Akaiweka simu mahali fulani. Priska alisikia hatua zake zikiondoka, miguu mitupu kwenye vigae. Akamsikia akisema, kwa mbali, kwamba afunguliwe mlango. Yule mwanamume akaanza kueleza taratibu. Akasema tena afunguliwe. Priska alibaki chini ya tangi, mkono mmoja sikioni kuzuia upepo, jalada kwapani, salio la simu likiyeyuka, hakuikata, mpaka aliposikia komeo likivutwa.